Programu zinazopanga msimbo: Zilivyozima ugomvi wa nafasi na mabano

FEBRUARI 21, 2014, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kwa haraka marekebisho ya mfumo unaoendesha simu za iPhone na kompyuta za iPad. Maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa mafupi mno. Hata hivyo, wataalamu wa usalama wa kompyuta walipousoma msimbo wenyewe, ambao Apple ilikuwa imekwishauweka hadharani, walikuta kwamba kasoro yote ilikuwa mstari mmoja uliorudiwa.

Mstari huo una maneno mawili tu, "goto fail", yaani amri ya kuiambia kompyuta iruke hadi mahali palipopewa jina la "fail". Ulipoandikwa mara ya kwanza ulikuwa na sharti juu yake: ruka iwapo hatua iliyotangulia imeleta hitilafu. Uliporudiwa chini yake haukuwa na sharti lolote. Kwa hiyo kompyuta iliruka kila mara na kuiacha kazi iliyobaki, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuhakiki saini ya kielektroniki ya tovuti ambayo mtumiaji anawasiliana nayo.

Kibaya zaidi, hadi kufikia hapo hakuna hitilafu yoyote iliyokuwa imerekodiwa, hivyo programu ilirudisha jibu kwamba mambo ni shwari. Mtu mwenye nia mbaya aliyeko kwenye mtandao mmoja na mwenye simu, mathalani katika hoteli au uwanja wa ndege, angeweza kujifanya benki na simu isimshuku. Kompyuta za Mac zilipata marekebisho yake siku nne baadaye, Februari 25.

Kilichowashangaza wengi si kosa lenyewe, maana kurudia mstari kwa bahati mbaya kunaweza kumtokea yeyote anayenakili na kubandika. Kilichowashangaza ni mwonekano wake. Mstari wa pili ulikuwa umesogezwa ndani kwa kiasi kile kile cha mstari wa kwanza, kana kwamba nao uko chini ya sharti. Jicho la binadamu lilizisoma nafasi hizo tupu, likaridhika. Kompyuta haikuzisoma kabisa.

Pengo hilo, kati ya kile ambacho jicho linakiona na kile ambacho mashine inakitii, ndilo linaloshughulikiwa na programu za kupanga msimbo. Kazi ya programu hizo ni kuuchukua msimbo ulioandikwa na mtu, vyovyote alivyouandika, na kuuandika upya kwa kufuata kanuni za mwonekano zilizokubaliwa, pasipo kuibadili maana yake.

Ifahamike kwanza kuwa msimbo ni maandishi ya kawaida, ambayo baadaye hugeuzwa kuwa lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila, au husomwa na kutekelezwa amri baada ya amri. Lugha nyingi za kompyuta, zikiwamo C, Java na JavaScript, hazijali sana nafasi tupu. Mtunga programu akipenda anaweza kuandika karibu kazi yake yote katika mstari mmoja mrefu kama reli, na ikafanya kazi vilevile. Anayeumia ni mtu atakayeisoma.

Ndiyo maana ofisi na miradi mikubwa huwa na miongozo ya mtindo. Msomaji wa gazeti anaweza kuielewa kwa urahisi, kwa sababu kila chumba cha habari kina mwongozo wake: tarehe iandikwe "Februari 21" au "21 Februari", cheo kianze kwa herufi kubwa au ndogo, tarakimu zianzie kumi au zianzie mbili. Hakuna jibu lililo sahihi kwa asili yake. Kuna jibu lililokubaliwa, ili kurasa zote zionekane kuwa za gazeti moja.

Miongozo ya msimbo nayo hueleza mambo ya namna hiyo. Mstari uwe na urefu gani kabla ya kukatwa, sehemu iliyo chini ya sharti isogezwe ndani kwa nafasi ngapi, mabano yaliyopinda yafunguliwe mwishoni mwa mstari au katika mstari wa peke yake, alama ya kujumlisha iwe na nafasi kila upande au ishikane na tarakimu. Mwongozo maarufu wa lugha ya Python, unaojulikana kwa jina la PEP 8, ulianza mwaka 2001 kwa kalamu ya Guido van Rossum, muasisi wa lugha hiyo, na wenzake. Unataka nafasi nne kwa kila hatua ya kusogea ndani, na mstari usizidi herufi 79.

Idadi hiyo isimshangaze mtu. Inatokana na upana wa herufi 80 uliorithiwa kutoka kadi za kutoboa za kampuni ya IBM, ambazo tangu mwaka 1928 zilikuwa na safu 80. Kadi zilitoweka, vioo vya kompyuta vikapanuka, lakini safu 80 zimebaki.

Kampuni ya Sun Microsystems, iliyoibuni lugha ya Java, ilipochapisha kanuni zake za uandishi wa Java mwishoni mwa miaka ya 1990 ilieleza kuwa asilimia 80 ya gharama ya programu katika maisha yake huenda kwenye matunzo, na kwamba ni nadra programu kutunzwa muda wote na mtu yule yule aliyeiandika. Kwa maneno mengine, msimbo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, tena na watu ambao hawakuwapo siku ulipoandikwa.

Hapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza pale inapoulizwa kanuni za nani zifuatwe.

Katika lugha ya C, mtindo uliofuatwa na wengi ni wa kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kilichotoka mwaka 1978, ambao huweka bano la kufungua mwishoni mwa mstari wenye sharti. Mradi wa GNU ukachagua kuliweka bano hilo katika mstari wake lenyewe, tena likiwa limesogezwa ndani. Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux mwaka 1991, anaufungua mwongozo wa mradi wake kwa utani mkali, akimshauri msomaji azichapishe kanuni za GNU na kuzichoma moto bila kuzisoma.

Torvalds mwenyewe anataka kila hatua ya kusogea ndani iwe na upana wa herufi nane. Anayelalamika kuwa msimbo wake unakimbilia mno upande wa kulia anaambiwa kwamba tatizo si upana huo, bali programu yake imejaa masharti ndani ya masharti, na hiyo ndiyo ya kurekebishwa. Ni hoja ya kibabe, ila ina ukweli ndani yake.

Ugomvi mwingine, nao una umri mrefu, unahusu namna ya kusogea huko: mtu abonyeze kibonye cha Tab mara moja, ambacho huweka alama moja yenye upana unaoweza kurekebishwa, au aweke nafasi za kawaida mbili, nne au nane? Suala hilo limekuwa kichekesho hata katika tamthilia ya televisheni ya Silicon Valley ya kituo cha HBO mwaka 2016, ambamo uhusiano wa kimapenzi unavunjika kwa sababu yake. Mwaka uliofuata tovuti ya Stack Overflow, kwa kutumia majibu ya watunga programu 28,657, ilitangaza kuwa wanaotumia nafasi hulipwa asilimia 8.6 zaidi ya wanaotumia Tab, hata baada ya kuzingatia mambo mengine kama uzoefu na nchi wanakoishi. Hakuna aliyethibitisha kuwa kibonye kirefu ndicho kinacholeta mshahara.

Sayansi nayo iliingilia kati mapema. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, akiwamo Ben Shneiderman, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wapya na watu wenye uzoefu, wakiwapa programu ile ile ikiwa imesogezwa ndani kwa viwango tofauti. Walioielewa vizuri zaidi ni wale waliopewa nafasi mbili hadi nne. Nafasi sita zilipunguza ufahamu. Lakini kati ya mbili na nne jaribio hilo halikumpa ushindi yeyote, na hapo hapo ndipo watu wengi wanapogombana.

Hasara ya ugomvi huo haipimwi kwa kelele. Katika ofisi nyingi msimbo wa mtu hupitiwa na mwenzake kabla ya kukubaliwa, na lengo la mapitio hayo ni kukamata makosa ya mantiki na ya usalama. Mpitiaji anapotumia dakika zake kuandika kwamba hapa pameongezwa nafasi na pale bano limekaa vibaya, anachoka kabla hajafika kwenye jambo la maana. Mwenye msimbo naye huondoka na kinyongo.

Wazo la kuikabidhi mashine kazi hiyo si geni. Mwaka 1967 Bill Gosper, mwanahisabati wa Marekani, aliandika programu iliyopanga vizuri msimbo wa lugha ya Lisp, lugha ambayo imesheheni mabano kiasi kwamba bila mpangilio mzuri macho hupotea njia. Mwaka 1970 jarida la Communications of the ACM lilichapisha taarifa ya programu iitwayo NEATER2, iliyofanya kazi kama hiyo kwa lugha ya PL/I. Mwaka 1980 Derek Oppen wa Chuo Kikuu cha Stanford akachapisha kanuni ya hesabu ya kupanga maandishi ya aina hiyo kwa kasi, ambayo muda wake huongezeka sawia na urefu wa maandishi yenyewe.

Kwa watumiaji wa mifumo ya Unix jina lililozoeleka zaidi ni "indent". Iliandikwa na David Willcox katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1976, ikafanyiwa marekebisho na James Gosling, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kuibuni Java, kisha ikasambazwa pamoja na mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983.

Programu ya indent ilifanya kazi, ila haikumaliza ugomvi. Sababu ni kwamba ilijaa vigezo vya kuchagua. Anayetaka mtindo wa Kernighan na Ritchie aliupata, wa GNU aliupata, wa Berkeley aliupata, na kati ya hiyo kulikuwa na makumi ya marekebisho madogo madogo ya mtu binafsi. Matokeo yake, mjadala wa mabano ulihama tu kutoka kwenye msimbo na kwenda kwenye orodha ya vigezo, huku kila ofisi ikibaki na orodha yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja Novemba 2009, kampuni ya Google ilipoitangaza lugha ya Go, iliyobuniwa na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Pamoja na lugha hiyo ilitolewa programu ya kupanga msimbo, "gofmt", iliyokuwamo ndani ya kifurushi tangu siku ya kwanza. Wabunifu wake walifanya jambo ambalo hadi wakati huo lingeonekana ni ufidhuli: hawakumpa mtumiaji uhuru wa kuchagua mtindo. Kusogea ndani ni kwa Tab, mabano yana mahali pake, basi.

Kuhusu bano la kufungua, hata sarufi ya lugha yenyewe ilishiriki. Go huweka yenyewe alama ya kumaliza sentensi mwishoni mwa mstari, kwa hiyo mtu akilipeleka bano la kufungua kwenye mstari wa chini yake programu inakataa kabisa kugeuzwa. Ubishi uliodumu tangu enzi za kitabu cha mwaka 1978 ulifungwa kwa namna hiyo.

Rob Pike, katika hotuba yake ya mwaka 2015, alieleza kuwa mtindo wa gofmt si kipenzi cha mtu yeyote, lakini gofmt yenyewe ni kipenzi cha kila mtu. Maelezo hayo yamenukuliwa sana, na yanastahili, kwa sababu yanaeleza biashara inayofanyika hapa: kila mmoja anaacha ladha yake, na anachopata ni kwamba hatasumbuliwa na ladha ya mwenzake.

Wengine walifuata. Upande wa C na C++ ilikuja clang-format, iliyotambulishwa rasmi kwa wataalamu mwaka 2013 kutoka mradi wa LLVM. Hii ilibaki na vigezo vingi, lakini ilibeba mitindo iliyokwisha kuandaliwa, ikiwamo ya LLVM wenyewe, Google, Mozilla na GNU, ili ofisi ichague jina moja na kuendelea na kazi. Januari 2017 James Long alitoa Prettier kwa ajili ya JavaScript, akijenga juu ya maandiko ya msomi Philip Wadler kuhusu namna ya kuchapisha maandishi yenye matawi.

Machi 2018 Łukasz Langa, raia wa Poland, alitoa Black kwa ajili ya Python. Jina hilo linakumbusha kauli inayonasibishwa na mtengenezaji wa magari Henry Ford, kwamba mteja anaweza kupata gari la rangi yoyote, mradi iwe nyeusi. Urefu wa mstari wa Black ni herufi 88, yaani asilimia 10 juu ya 80. Mwaka 2019 mradi huo uliwekwa chini ya taasisi inayosimamia lugha ya Python, na mwaka 2023 programu nyingine iitwayo Ruff ikaja na mpangilio unaokaribia kufanana nao kabisa, ila ikifanya kazi kwa kasi kubwa zaidi.

Ndani ya programu hizi hakuna miujiza, ingawa kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Hatua ya kwanza ni kuusoma msimbo na kuukata vipande vidogo: majina, tarakimu, alama, mabano. Hatua ya pili ni kuvijenga vipande hivyo kuwa mti, ambao shina lake ni programu nzima na matawi yake ni sehemu zake, kwa namna ile ile ambayo mwalimu wa sarufi huichanganua sentensi kuwa kiima na kiarifu. Hapo mwonekano wote wa awali hutupwa. Hatua ya tatu ni kuuchapisha mti huo upya kuanzia mwanzo, kwa kanuni zilizowekwa.

Ugumu upo katika kuikata mistari mirefu. Amri moja yenye vipengele kumi inaweza kukatwa kwa njia nyingi sana, na kila mkato hubadilisha nafasi inayobaki kwa vipengele vinavyofuata. Clang-format hulitatua jambo hilo kwa kuupa kila mkato adhabu ya alama kadhaa, mkato mbaya ukipata alama nyingi, kisha hutafuta njia yenye jumla ndogo kabisa ya adhabu. Hesabu inayotumika humo ni ile ya Edsger Dijkstra ya kutafuta njia fupi kati ya miji. Gofmt yenyewe ilikwepa mtihani huo: haikati mistari mirefu hata kidogo, kazi hiyo humwachia mwandishi.

Kuna pia suala la maelezo ambayo watunga programu huwaandikia wenzao katikati ya msimbo. Kompaila huyatupa, kwa kuwa hayana maana yoyote kwa mashine. Programu ya kupanga haina ruhusa hiyo. Ni lazima iyabebe yote na kuyarudisha karibu na mahali pake, hata pale ambapo mstari yaliyokuwa yameshikana nao umekatwa vipande vitatu. Watengenezaji wa programu hizi huliona hilo kuwa miongoni mwa sehemu zinazowasumbua zaidi.

Aidha, programu inayogusa kila mstari wa kazi ya mtu inapaswa kuaminika. Black, kwa mfano, ikimaliza kazi hulinganisha mti wa msimbo wa zamani na mti wa msimbo mpya, na ikikuta tofauti ya maana haiandiki kitu. Sharti jingine ni kwamba ikiendeshwa mara ya pili juu ya msimbo ule ule isibadili chochote. Isipokuwa hivyo, watu wawili wanaoitumia kwa zamu watakuwa wanageuziana kazi bila kikomo.

Pamoja na hayo, gharama zipo, na wanaozitaja si wakaidi tu.

Ya kwanza ni ya kumbukumbu. Miradi hutunza historia ya kila mstari: nani aliuandika, lini na kwa sababu gani. Mradi wa zamani unapopitishwa katika programu ya kupanga kwa mara ya kwanza, maelfu ya mistari huguswa siku moja, na kuanzia hapo anayeuliza nani aliandika mstari fulani huambiwa jina la aliyeendesha programu ya kupanga. Kwa anayetafuta chanzo cha kosa la miaka mitano iliyopita, hiyo ni sawa na kukuta daftari la mahudhurio limeandikwa upya kwa mwandiko mmoja.

Mradi wa Firefox wa Mozilla uliupanga upya msimbo wake wa C++ kwa namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2018. Mradi wa Django, unaotumiwa kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python, ulikubali mwaka 2019 kutumia Black, lakini ukasubiri hadi Black ilipotoa toleo lake la kwanza lisilo la majaribio Januari 2022. Kazi yenyewe ikafanyika Februari mwaka huo. Kati ya matukio hayo mawili, Agosti 2019, programu ya Git inayotunza historia hizo ilitoa toleo la 2.23, ambalo huuruhusu mradi kuorodhesha mabadiliko ya mwonekano ili yarukwe pale historia ya mstari inapotafutwa. Tangu hapo lawama hiyo imepungua makali, kwa wale wanaokumbuka kuiandika orodha hiyo.

Ya pili ni kwamba mashine haina jicho la mkulima anayejua tuta lipi amelipanga kwa makusudi. Mtu anayeandika jedwali la tarakimu za hesabu, safu nne kwa safu nne, hulipanga ili makosa yaonekane kwa kutupa jicho. Programu ya kupanga inaweza kulibomoa na kuweka kila tarakimu katika mstari wake. Kwa sababu hiyo nyingi kati ya hizo zina alama maalumu ya kuiambia isiguse sehemu fulani.

Ya tatu husahaulika mara nyingi, nayo inawahusu wenye uoni hafifu. Mtunga programu anayelazimika kukuza herufi kupita kiasi hunufaika na Tab, kwa kuwa anaweza kuipunguzia upana katika kompyuta yake bila kuwagusa wenzake. Anayesoma kwa vidole kupitia kifaa cha nukta nundu huona kila nafasi tupu ikila sehemu ya mstari wake mfupi. Programu inayolazimisha nafasi nne huwaondolea nafuu hiyo. Ugomvi wa Tab, kwa watu hao, si wa ladha.

Pengine kwa sababu kama hizo si kila mradi umefunga mjadala. Linux, pamoja na kuwa na mpangilio wake wa clang-format, huuchukulia kama msaada kwa anayeuhitaji. Msimbo wake haujapitishwa wote kwa mkupuo. Mwaka 2020 mradi huo ulilegeza onyo lake la herufi 80 kwa mstari na kulipandisha hadi 100, baada ya Torvalds kusema wazi kuwa vioo vidogo vya zamani visiwape shida watu wa sasa.

Kwa ofisi zilizoamua, utaratibu wa kawaida ni huu: kanuni huandikwa katika faili moja linalokaa pamoja na msimbo, programu ya kuandikia ya kila mmoja hupanga msimbo kila anapouhifadhi, na seva ya ofisi hukagua tena kabla ya kuupokea. Asiyepanga hurudishiwa kazi yake na mashine, si na mwenzake. Siku hizi hata msimbo unaoandikwa na programu za akili bandia hupitishwa katika lango hilo hilo.

Python ina tofauti yake. Katika lugha hiyo kusogea ndani ni sehemu ya sarufi. Mstari ukisogezwa, maana hubadilika. Kwa hiyo Black inaweza kugeuza nafasi mbili kuwa nne, lakini haiwezi kumsahihisha aliyeusogeza mstari mahali pasipo pake, kwa kuwa haina namna ya kujua kama alikusudia.

Katika lugha ya C hali ni kinyume, na hapo ndipo mstari ule wa Apple unaporudi. Programu ya kupanga isingeufuta, maana si kazi yake kufuta amri. Ingeusoma kama kompaila inavyousoma, ikaona hauko chini ya sharti, na kuusogeza kushoto hadi usawa wa neno "if" lililo juu yake. Ungebaki hapo, peke yake, ukiruka bila sababu mbele ya macho ya kila anayepita.

Watengenezaji wa kompaila ya GCC walichukua njia nyingine. Toleo lao la 6, lililotoka Aprili 2016, lilikuja na onyo jipya kwa msimbo ambao kusogea kwake ndani kunampotosha msomaji. Mfano waliouchagua kulielezea katika taarifa ya toleo hilo ni mistari miwili ya "goto fail".